Kaka Yangu Alivaa Ndoo Kichwani

Kaka yangu alifariki akiwa na miaka 34, na kwa miaka saba sikumweleza mtu yeyote jinsi alivyofariki. Aliyeuliza nilimjibu kwamba aliumia kichwa. Aliyetaka zaidi nilimwambia ilikuwa ajali. Neno ajali lina heshima yake: mtu akilisikia hufikiria barabara na magari, huinamisha macho, hukupa pole, na hakuulizi tena. Nililipenda neno hilo kwa sababu lilifunga mlango.

Kilichotokea ni hiki. Jumamosi moja jioni alichukua ndoo tupu ya plastiki akaivaa kichwani ili amchekeshe binti yake. Mtoto alikuwa na miaka minne, na siku hizo hakuogopa kitu kingine duniani ila giza. Taa ya chumba chake ilikuwa inakesha ikiwaka. Wifi yangu alikuwa chumba cha pili, akiwasikia. Kaka alikuwa anazunguka sebuleni na ndoo yake, akijigonga kwenye viti kwa makusudi, sauti yake ikitoka humo ndani nzito isiyoeleweka, na mtoto akicheka mpaka anaishiwa pumzi. Akafanya mara moja, akafanya mara ya pili. Mara ya tatu ukasikika mshindo. Zulia tulilikuta limejikunja ukingoni, pale kisigino kiliponasa. Alianguka kwa ubavu, ndoo ikamtoka, na panja la kushoto likapiga kona ya meza.

Akainuka mwenyewe. Akajishika kichwa, akacheka, akamwambia wifi asiwe na wasiwasi. Alikaa nao zaidi ya saa nzima akiongea vizuri kabisa. Hata mimi alinipigia simu jioni ile, tukazungumza mambo yetu ya kawaida, wala hakunitajia kwamba ameanguka. Baadaye akasema kichwa kinamuuma, anakwenda kujilaza. Wifi alipokwenda kumwangalia alimkuta anakoroma kwa namna ambayo hajapata kuisikia. Akamwita, akamtikisa, hakuamka. Walimfikisha hospitali akiwa bado anapumua. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshakata roho.

Daktari alituita pembeni akatueleza bila haraka, na ninamshukuru mpaka leo kwa kutokuwa na haraka siku ile. Mfupa wa fuvu kwenye panja ni mwembamba, na nyuma yake tu umepita mshipa wa ateri unaolisha utando unaoufunika ubongo. Mfupa ukipasuka hapo, mshipa unaweza kuchanika. Damu huanza kujikusanya kati ya fuvu na ule utando, na kwa kuwa fuvu halitanuki, damu inavyoongezeka ubongo ndio unaobanwa. Lakini hilo huchukua muda. Kwa dakika kadhaa, pengine saa kadhaa, aliyeumia huonekana mzima machoni pa kila mtu. Anaongea, anacheka, anapiga simu. Mwezi Machi 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza juu ya theluji, kwenye mteremko wa wanaoanza, huko Quebec, Kanada. Aliinuka akasema yu mzima, na gari la wagonjwa lililofika likarudishwa. Siku mbili baadaye alikuwa amefariki, akiwa na miaka 45.

Nayaandika haya kirefu kwa sababu yangeweza kutusaidia. Mtu aliyegonga kichwa, hata katika mchezo, akisema maumivu yanazidi badala ya kupungua, akitapika, akichanganyikiwa maneno, akilegea upande mmoja, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Damu ile huweza kutolewa kwa upasuaji, na wengi wanaowahishwa hupona. Sisi hatukujua. Nimeacha kujilaumu kwa kutojua, lakini kuwaambia watu sijaacha.

Aibu ilianza siku ya maziko. Ndugu mmoja wa mbali alimuuliza mwenzake marehemu kapatwa na nini, akanong'onezwa jibu, nikamwona anauma mdomo na kugeuza uso haraka. Alikuwa anazuia kicheko. Nilimwelewa, na huko kumwelewa ndiko kulikonichoma, kwa maana hata mimi, nilipopigiwa simu usiku ule na kusikia neno "ndoo", kulikuwa na kitu kifuani kilichotaka kucheka kabla sijalia. Baba naye alikuwa ameona. Jioni alituita sisi watoto wake tuliobaki akasema kwa sauti ya chini, "Habari ya ndoo isisemwe tena."

Haikusemwa. Ila tulichokuwa hatukukijua ni kwamba ukificha mwisho wa mtu, na mtu mwenyewe unaanza kumficha. Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi waliokuwa wanatetemeka mbele ya ubao ndio aliowapenda zaidi. Alikuwa tayari kupanda juu ya meza, kujifanya namba hasi, kujiangusha sakafuni mbele ya darasa zima, ilimradi yule mmoja aliyekaa nyuma asahau kuogopa. Tungekuwa na hadithi zake za kutosha miaka yote. Lakini kila hadithi ya ucheshi wake ilikuwa inaelekea sebuleni kule, kwenye ile meza, kwa hiyo tukazikatisha zote mapema. Baada ya mwaka mmoja jina lake likawa halitajwi kabisa tunapokutana. Picha zilibaki ukutani, ila zilikuwa za mtu asiye na habari.

Mwaka wa pili, usiku mmoja nimekosa usingizi, nilikutana mtandaoni na orodha ya vifo vya kuchekesha. Zipo nyingi za namna hiyo, na watu huzisoma kama wanavyosoma vichekesho. Mtu huyu kafa hivi, yule kafa vile, mistari miwili kwa kila roho. Nilisoma kwa hasira mpaka mwisho, kisha nikarudi nikasoma tena, safari hii namtafuta kaka. Nilitaka kujua angekaa karibu na nani. Kesho yake nilichukua daftari nikajiwekea sharti: upande wa kushoto nitaandika mtu alivyokufa, lakini sitauandika mpaka nipate cha kuandika upande wa kulia, yaani alichokuwa nacho kabla ya siku hiyo.

Wa kwanza alikuwa Jean-Baptiste Lully, mwanamuziki wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Januari 1687 alikuwa anaongoza muziki wa kushukuru kwa kupona kwa mfalme baada ya upasuaji. Zama hizo kiongozi wa muziki aliweza kuhesabu mapigo kwa kugonga sakafu na fimbo ndefu. Lully alijigonga mguu. Jeraha likageuka donda ndugu, akashauriwa akatwe akakataa, kwa kuwa alikuwa mchezaji wa dansi, na mwezi Machi akafa. Orodha ilimweleza kama mtu aliyejiua kwa fimbo yake mwenyewe. Upande wa kulia niliandika: mtoto wa msaga nafaka kutoka Firenze, akaenda ugenini akiwa kijana mdogo, akaupa ufalme mzima wa kigeni muziki wake wa opera.

Kisha Bobby Leach. Huyu mwaka 1911 alijifungia ndani ya pipa la chuma akaporomoka nalo kwenye maporomoko ya Niagara. Alivunjika magoti yote mawili na taya, akalazwa miezi, lakini akaishi. Miaka 15 baadaye, akiwa New Zealand, alikanyaga ganda la chungwa barabarani akateleza. Mguu uliumia, ukaoza, ukakatwa, na akafa mwaka huohuo wa 1926. Kila anayesimulia huishia kwenye ganda la chungwa. Mimi nilipowaweka Lully na Leach ukurasa mmoja niliona kitu kingine: waliuawa na jambo lilelile. Kidonda cha mguu kiliingiwa na bakteria, na dawa haikuwepo. Alexander Fleming aliigundua penisilini mwaka 1928, miaka miwili baada ya Leach kuzikwa, na ilipita zaidi ya miaka kumi mingine kabla haijaanza kuwatibu watu kwa wingi. Fimbo na ganda la chungwa vilikuwa mlango tu. Nilipoliona hilo nilijisikia kama nimewatoa watu wawili kwenye jukwaa la kuchekwa na kuwarudisha wodini, mahali wanapostahili.

Aliyenikaa moyoni kuliko wote ni Tycho Brahe, mtaalamu wa nyota kutoka Denmark. Oktoba 1601 alikuwa kwenye karamu mjini Prague, akabanwa na mkojo, akaona ni utovu wa adabu kuinuka mezani kabla ya mwenyeji. Alipofika nyumbani mkojo ukakataa kutoka. Akaugua kwa siku 11, kwa maumivu makali na homa, akafa akiwa na miaka 54. Watu hawakuridhika na mwisho wa namna hiyo kwa mtu mkubwa kiasi kile, ikazuka minong'ono kwamba alilishwa sumu. Mwaka 2010 kaburi lake lilifunguliwa, mabaki yakapimwa, na zebaki iliyokutwa haikuwa ya kiasi cha kumuua mtu. Naielewa ile minong'ono. Hata mimi ningeambiwa kaka aliuawa na adui ningepata pa kushika.

Lakini upande wa kulia wa Brahe ulinichukua kurasa tatu. Darubini ilikuwa haijaanza kuelekezwa angani. Kwa macho yake na vyombo alivyounda mwenyewe alipima mahali zilipo nyota na sayari usiku baada ya usiku, kwa miaka, kwa usahihi ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake. Msaidizi wake Johannes Kepler alizirithi zile namba za sayari ya Mirihi, na kwa kuzishindilia hesabu akagundua kwamba sayari hazilizunguki jua kwa duara kamili, ila kwa njia ya duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo. Akalichapisha hilo mwaka 1609. Kepler ndiye aliyeandika pia kwamba usiku wa mwisho Brahe, akiwa anaweweseka, alikuwa anarudia sentensi moja tena na tena: isije ikaonekana kwamba niliishi bure.

Nilifunga daftari usiku ule nikalia kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Mtu ameipima mbingu, na anachoombea ni hicho.

Ukurasa mwingine niliuandika kwa majuto. Tarehe 15 Januari 1919, mjini Boston, Marekani, tangi kubwa lililokuwa limejaa molasi, ile sharubati nyeusi nzito inayobaki sukari inapotengenezwa, lilipasuka. Takriban lita milioni 8.7 ziliingia mitaani kwa wimbi lenye kimo cha zaidi ya mita saba, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilitabasamu. Mafuriko ya molasi! Kisha nikaendelea. Walikufa watu 21, na wapatao 150 wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa kulikuwa na watoto wawili wa miaka 10. Molasi humshika mtu kila anapojaribu kujinasua, huingia puani na kinywani, na kwa baridi ile ya Januari ilizidi kuganda kadiri waokoaji walivyohangaika. Tangi lilikuwa linavuja tangu mwanzo, na wenye tangi badala ya kulitengeneza walilipaka rangi ya kahawia ili mivujo isionekane.

Rangi ya kahawia. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Umbali ndio uliokuwa umenipa lile tabasamu. Nilipokaribia hatua moja, hapakuwa na cha kuchekesha hata kidogo. Yule ndugu aliyeuma mdomo siku ya maziko alikuwa amesimama mbali, hayo tu. Na sisi wenyewe tulikuwa tumeshika brashi.

Wa mwisho kwenye daftari hana hata chembe ya kuchekesha, ingawa kifo chake ni cha kipuuzi kuliko vyote. Vita Kuu ya Kwanza ilikoma saa tano kamili asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918. Mkataba ulikuwa umeshatiwa saini alfajiri, lakini saa zile za katikati ziliachwa ziendelee, na watu wakaendelea kufa ndani yake. Henry Gunther, askari wa Marekani, alikimbilia bunduki za Wajerumani kwenye ardhi ya Ufaransa. Wajerumani, waliokuwa wanajua kwamba vita vimeisha, walimpungia mikono arudi. Hakurudi. Alipigwa risasi saa tano kasoro dakika moja. Alikuwa ameshushwa cheo muda mfupi nyuma, na baada ya kufa akarudishiwa.

Huyu hakuna anayemcheka. Ana sare, ana bendera, na hesabu ya dakika inatia uchungu. Nami namsikitikia kwa moyo wote. Ila niliuliza swali ambalo bado nalishikilia: kati ya mtu aliyekufa kwa ajili ya dakika moja ya vita iliyokwisha, na mtu aliyekufa kwa ajili ya kicheko cha mtoto wake, ni yupi ambaye mwisho wake una maana zaidi? Kaka yangu alikuwa na sababu. Ilikuwa imekaa mbele yake kwenye zulia, na ilikuwa na miaka minne.

Miaka sita baada ya kaka, baba aligundulika na saratani ya kongosho ikiwa imeshasambaa. Tuliambiwa wazi kwamba haiondoki, na akaanza kupewa tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ugonjwa usipoponyeka. Ningependa kila familia iijue huduma hii kabla haijaihitaji. Mwanamke aliyeisukuma sana ni Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa hayako mwilini peke yake, yapo pia moyoni, katika familia na katika imani. Na kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake maalumu, kabla maumivu hayajarudi, wala isingojwe mpaka mtu apige kelele. Baba alikuwa anakunywa mofini ya maji kwa ratiba. Wengine walituonya kwamba itamzubaisha. Siku za mwanzo alisinzia kweli, kisha akili ikarudi, na kwa kuwa maumivu yalikuwa yametulia akapata nafasi ya kuzungumza.

Usiku mmoja nilikuwa zamu, nikidhani amelala, akasema, "Hivi ile ndoo ilikuwa ya rangi gani?"

Nilishtuka. Nilimwambia sijui.

Akanyamaza. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikainuka nikidhani amebanwa na pumzi. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali, nami nikawa nampangusa na huku nacheka na kulia kwa pamoja. Alipotulia akasema, "Mwanangu yule. Tangu mdogo." Ndipo akanisimulia jambo nisilolikumbuka kabisa. Nilikuwa na miaka mitatu, naogopa radi kiasi cha kushindwa kupumua. Siku moja ya mvua kubwa kaka, aliyekuwa na miaka minane, alivaa beseni la bati kichwani akaandamana chumbani akilipiga kwa kijiko kila radi ilipolia, akiijibu. "Ulicheka," baba akasema, "na hukuogopa radi tena."

Akanishika mkono. "Niliwakosea kuwanyamazisha," akasema. "Niliona watu watamcheka. Kumbe alitaka achekwe, maisha yake yote."

Baba alifariki wiki tatu baada ya hapo. Pumzi zilikuwa zimebadilika tangu usiku: zinapanda taratibu zikawa nzito, zinashuka zikawa ndogo, zinakatika kabisa kwa muda unaotosha kuhesabu hadi ishirini, kisha zinaanza upya. Muuguzi alituambia mapema kwamba itakuwa hivyo, na kwamba hiyo si dalili ya mateso, na maneno yale yalituokoa na hofu kubwa. Nilikaa naye saa 14. Nikatoka kwenda kunawa uso. Niliporudi alikuwa amekwenda. Nilimlilia muuguzi kwamba nimemwacha peke yake, naye akaniambia ameona hivyo mara nyingi, kwamba kuna watu ambao ni kama wanangoja wenye kuwapenda watoke chumbani. Sijui kama ni kweli kwa baba. Nimeamua kulipokea.

Kwenye maziko yake watu waliulizana kafa na nini na wakajibiwa kwa sauti ya kawaida. Walisema amekufa kifo kizuri. Labda. Nilimwona akiwa amebaki mifupa, nilimgeuza kitandani, nilisikia alichosema usiku wa maumivu kabla mofini haijapangwa sawasawa. Sitaki kumnyang'anya mtu faraja ya neno lile, lakini nilisimama pale nikimfikiria kaka, ambaye kifo chake kilikuwa hakina sifa hata moja, na ambaye jioni yake ya mwisho alikuwa na furaha.

Wakati huo binti yake alikuwa ameshatimiza miaka 10. Alikuwa mtoto mpole, na sote tulimsifu kwa upole. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo nililiona bila kulielewa: hakuwa anaomba kitu mara mbili. Ukimsukuma kwenye bembea ukaacha, anashuka. Ukimsomea hadithi ikaisha, anakushukuru. Watoto wengine hung'ang'ania, yeye hapana. Tuliita malezi mazuri.

Mwaka uliofuata alikuja kukaa nami likizo. Usiku wa pili umeme ulikatika, tukawa tumekaa gizani tukingoja. Nikasikia, "Shangazi."

"Naam, mama."

"Baba alikufa kwa sababu yangu?"

Nilitaka kusema hapana upesi, nikajizuia, kwa sababu nilihisi kwamba neno hapana ameshaambiwa na watu wasiojua anauliza nini. Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo.

"Alikuwa amemaliza," akasema. "Akavua ndoo. Mimi nikasema, tena."

Miaka saba alikuwa amelibeba neno hilo moja. Sisi wakubwa tulinyamaza ili tusione haya, na katika ukimya wetu mtoto wa miaka minne aliachwa atafute sababu peke yake, akaipata.

Nikamweleza yote, bila kufupisha. Nikamwambia habari za mfupa mwembamba na mshipa uliopita nyuma yake. Kwamba zulia lilikuwa limejikunja, kwamba meza ilikuwa na kona, kwamba damu ilijikusanya polepole na hakuna kati yetu aliyejua dalili, hata mimi niliyeongea naye kwa simu. Alisikiliza kimya. Kisha nikasikia ameinua mkono. "Hapa?" akauliza, akautafuta mkono wangu gizani akauweka kwenye panja lake ili nihakikishe.

"Hapo."

Nikamsimulia habari ya beseni la bati na radi, kama babu yake alivyonipa. Nikamwambia kwamba mimi ndiye mtoto wa kwanza ambaye baba yake alimvalia chombo kichwani, na kwamba bila shaka nami nilisema tena, kwa sababu watoto wote husema. Akakaa muda mrefu. Nilidhani analia, nikamsogeza karibu, nikakuta halii.

"Unajua alikuwa anasema nini humo ndani ya ndoo?" akaniuliza.

Sikujua. Hakuna aliyejua. Mama yake alikuwa chumba cha pili, alisikia sauti tu.

"Alikuwa anapapasa hivi," akasema, na nikasikia mikono yake ikipita hewani mbele yangu, ikigusa kiti, ikigusa bega langu. "Anasema, 'Jamani, nani kazima taa? Nani kazima taa?'"